Tumebadilisha linki ya kundi, matapeli bado wanaingia

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa chama cha wakulima wa kahawa hapa Mbale, Uganda. Kundi letu la WhatsApp lina watu 340 na wasimamizi saba. Wageni wanaingia na kubandika matangazo ya "tuma 50,000 upate 200,000". Nimebadilisha linki mara mbili, wapi! Niruhusu wasimamizi peke yao kuandika? Au tuhamie Facebook?

JIBU: Ndugu mweka hazina, kubadilisha linki kunaua ile ya zamani tu. Aliyekwisha kuingia anabaki, na mwanachama bado anaweza kumwongeza mtu moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Gusa jina la kundi, fungua ruhusa zake, uwanyime wanachama uwezo wa kuongeza watu, kisha washa ile inayotaka msimamizi amkubali kila anayeomba kuingia. Linki ibadilishe mwisho. Ukianza nayo, itasambazwa upya kabla hujamaliza.

Halafu kaa na daftari la chama, mlinganishe namba kwa namba. Inachosha, lakini bila hivyo matapeli waliomo watabaki humohumo. Wasimamizi saba pia ni wengi mno: yeyote kati yao anaweza kurudisha ruhusa zote zilivyokuwa. Watatu wanatosha.

Ukiwaachia wasimamizi peke yao kuandika, matangazo yatakoma, ila mkulima mwenye swali la ukungu kwenye majani naye umemfunga mdomo. Na tapeli aliye ndani bado anaziona namba za wenzake, anawafuata mmoja mmoja faraghani, ambako wewe huoni kitu. Kwa bei za kahawa na tarehe za kupokea mzigo, afadhali mfungue chaneli ya WhatsApp: wasimamizi huandika, wengine husoma, na wafuasi hawaonani namba. Angalieni tu, ujumbe wa chaneli haufichwi kwa usimbaji (kuufunga ujumbe usomwe na mtumaji na wapokeaji tu) kama wa kundi, na chaneli ya wazi yeyote anaweza kuifuata.

Usimbaji huohuo ndio unaoizuia kampuni ya WhatsApp kusoma ya kundini. Tapeli akiripotiwa, ripoti huipelekea hadi jumbe tano za mwisho alizowatumia. Kwa hiyo ripotini kwanza, ndipo mfute.

Facebook ina jambo moja zuri ambalo WhatsApp haina: chapisho linaweza kuzuiliwa mpaka msimamizi alikubali. Lakini hapa Uganda Facebook imefungwa tangu Januari 2021, bila VPN (programu ya kukwepa kizuizi cha mtandao) haifunguki, na sioni sababu ya kumtwisha mkulima mzigo huo ili asome bei.

Mikopo ya wanachama isiandikwe popote kati ya hapo, si kundini, si kwenye chaneli. Mwanachama halali anaweza kupiga picha ya skrini na kuituma nje, na hakuna ruhusa ya kundi itakayomzuia. Salio la mtu mtumie mwenyewe, kwenye namba yake.