Ningechomoa jalada la Hammurabi, jiwe lake ningewaachia wengine

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa penyewe. Mmeuliza: "Ukiruhusiwa kuingia masjala ya mtawala yeyote wa kale na kuchomoa jalada moja tu, utachomoa la nani?" Mimi nimekaa masjala miaka 31, katika ofisi ya ardhi ambayo sitaitaja, na najua kuchomoa jalada si kazi ya kitoto. Mara nyingi mkono unarudi na kadi inayoonyesha jalada limechukuliwa na fulani, na fulani mwenyewe alishahamishwa.

Jibu langu ni Hammurabi, mfalme wa kale wa Babeli, Iraki ya leo. Najua kuna watakaosema hilo ni jibu la mtoto wa darasa la sita, kwani Hammurabi yumo katika kila kitabu cha historia, kasimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na wa haki, na chini yao zimechongwa sheria 282. Jicho kwa jicho, kengele ikalia, tukatoka mapumziko. Kwa hiyo jiwe nitalipita haraka.

Ni jiwe jeusi lenye urefu wa mita 2.25. Wafaransa walilikuta mwishoni mwa 1901 na mwanzoni mwa 1902, limevunjika vipande, na halikuwa Babeli wala popote Iraki. Lilikuwa Susa, ile Shushani ya kwenye Biblia, upande wa Irani. Mfalme wa Elamu, Shutruk-Nahhunte, alilibeba kama nyara katika karne ya 12 KK, miaka zaidi ya 500 baada ya Hammurabi kufa. Waelamu wakafuta safu kadhaa za maandishi ili wachonge sifa za mfalme wao, kisha hawakuchonga kitu. Nafasi ile bado i wazi hadi leo, pale jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Baadhi ya sheria zilizofutwa zimepatikana kwingine, kwa sababu wanafunzi wa ukarani waliendelea kuzinakili kama zoezi la mwandiko kwa zaidi ya miaka 1000.

Lakini ukisoma hukumu halisi za mahakama za wakati ule, na zipo nyingi, mahakimu karibu hawalitaji jiwe hilo kabisa. Hawasemi "kwa mujibu wa kifungu fulani". Mimi sisemi sheria zile hazina maana. Kuna moja naipenda: mdaiwa ambaye shamba lake limezolewa na mafuriko au limekosa maji, mwaka huo halipi nafaka wala riba. Kuna nyingine inasema hakimu akishatia muhuri hukumu kisha akaigeuza, atalipa mara 12 ya kilichokuwa kinadaiwa na hatakalia tena kiti cha hukumu. Maneno mazuri. Ila nimeona mabango mengi ya maneno mazuri ukutani, na nimeona kilichokuwa kikiendelea mezani chini ya mabango hayo. Ninachotaka mimi ni madokezo na barua.

Nazo zipo, zaidi ya 100 zilizotoka kwa Hammurabi, kwenye vibao vya udongo vinavyoenea kiganjani. Karani alichukua udongo mbichi, akauchapa kwa ncha ya tete alama zilizo mfano wa kabari, kisha kibao kikafunikwa kwa bahasha, nayo ya udongo. Kila barua inaanza hivi: mwambie fulani, hivi ndivyo asemavyo Hammurabi. Anayeambiwa "mwambie" ni yule atakayeisoma kwa sauti mbele ya mwenye barua. Kila nikifikia sentensi hiyo naona karani mwenzangu kasimama mlangoni, kibao mkononi.

Hammurabi alitawala miaka 43, kuanzia 1792 hadi 1750 KK kwa hesabu inayotumiwa zaidi. Alikuwa mfalme wa sita katika ukoo wake, na kwa miaka karibu 30 ya mwanzo hakuwa mtu wa kutisha sana. Mnamo 1763 KK aliuteka Larsa, ufalme wa kusini uliokuwa mikononi mwa mzee Rim-Sin aliyetawala miaka 60. Ghafla akawa na mashamba mengi ya kifalme yasiyo na mgawo. Akaweka watu wawili huko. Sin-iddinam aliangalia jimbo kwa jumla, na Shamash-hazir akasimamia ardhi: nani kapewa shamba lipi, askari yupi analima wapi badala ya mshahara. Kwa lugha yetu Shamash-hazir alikuwa afisa ardhi, Mungu amrehemu.

Barua moja kwake inahusu mtu aitwaye Sin-ishmeanni, wa Kutalla, mkulima wa mitende. Huyu alimwendea mfalme akalalamika kuwa Shamash-hazir kamnyang'anya shamba la urithi wa baba yake, akampa askari. Mfalme anamwandikia afisa wake kwa kifupi kinachouma: shamba la kudumu, linachukuliwa lini? Lichunguze jambo hili, na ikiwa kweli ni la urithi wa baba yake, mrudishie.

Miaka ya tisini alikuja dirishani kwangu mzee mmoja na risiti iliyokunjwa mpaka ikawa kama kitambaa. Shamba la minazi la baba yake lilikuwa limepimwa viwanja na viwanja vimegawiwa. "Mwanangu," aliniambia, "shamba halina miguu. Nyinyi mmelipeleka wapi?" Nikamjibu, "Shikamoo baba, jalada linatafutwa, rudi wiki ijayo." Alirudi wiki nyingi. Jalada lilionekana baada ya miezi tisa, limeangukia nyuma ya kabati, na wakati huo mzee hakuwa anakuja tena. Nilipokutana na Sin-ishmeanni wa Kutalla, miaka mingi baadaye, nilifunga kitabu kwanza nikaenda kuchemsha chai.

Kinachonishangaza katika barua hizi ni udogo wa mambo. Huyu ni mtu aliyezishinda falme, na anaandika kwamba wenye mashamba kando ya mfereji wa Damanum waitwe wauzibue ndani ya mwezi huu. Anaandika kuhusu ukataji manyoya ya kondoo. Akisikia kuna rushwa imeliwa mji wa Dur-gurgurri, anamwagiza Sin-iddinam achunguze; akikuta ni kweli, fedha ile itiwe muhuri iletwe Babeli, pamoja na waliohusika na mashahidi.

Halafu kuna ile ya kalenda. Sisi tunaofuata mwezi kwa ajili ya funga hatuhitaji maelezo marefu: miezi 12 ya mwandamo inapungukiwa na mwaka wa jua kwa siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani inahama. Babeli nao walihesabu kwa mwezi, lakini walitaka mavuno yasiikimbie kalenda, hivyo kila baada ya muda mfalme aliamuru mwezi mmoja urudiwe. Hammurabi anamwandikia Sin-iddinam: mwaka una pengo, mwezi unaoanza uandikwe Ululu wa pili. Mpaka hapo ni elimu ya nyota. Kisha anaongeza kwamba kodi iliyokuwa ifike Babeli tarehe 25 ya mwezi unaofuata, Tashritu, sasa ifike tarehe 25 ya Ululu wa pili. Yaani kalenda nimeisogeza, ila wewe usije ukajipatia mwezi wa bure. Niliposoma hapo nilisema huyu mtu anawajua walipa kodi, na watoza kodi anawajua zaidi.

Miaka yenyewe hawakuipa namba. Kila mwaka uliitwa kwa jambo kubwa, kama wazee wetu wanavyosema mwaka wa njaa ile au mwaka wa mafuriko. Mwaka wake wa pili unaitwa mwaka alipoweka haki katika nchi, maana yake alifuta madeni. Wa 33 una mfereji alioupa jina "Hammurabi ni neema ya watu." Hapo kwenye kujipa majina na yeye alikuwa mwanasiasa kama wengine.

Kwa hiyo orodha ya majina ya miaka ni mfalme akijisifu, na barua za Larsa ni mfalme akifanya kazi. Ukitaka kumwona kwa macho ya wengine nenda Mari, kwenye mto Frati, upande wa Siria leo. Huko mwaka 1933 wenyeji waliokuwa wakichimba kutafuta jiwe la kaburi walitoa sanamu, na mwisho wa mwaka huohuo Wafaransa chini ya André Parrot walianza kuchimba. Walikuta jumba la kifalme lenye vyumba karibu 300 na vibao kama 20,000. Ni masjala ya Zimri-Lim, mfalme wa Mari, rafiki wa Hammurabi kwa muda.

Mtumishi mmoja wa Zimri-Lim, Itur-Asdu, anaandika kwamba hakuna mfalme mwenye nguvu peke yake: Hammurabi anafuatwa na wafalme 10 au 15, Rim-Sin wa Larsa vilevile, mfalme wa Eshnunna vilevile, wa Qatna vilevile, na Yarim-Lim wa Yamhad anafuatwa na 20. Haya hayapo kwenye jiwe. Kwenye jiwe ni yeye na mungu jua peke yao.

Kuna pia kisa cha mavazi. Wajumbe wa Mari walikwenda Babeli, ukafanyika ugawaji wa nguo kwa wageni, wa Yamhad wakapata zote na wa Mari wakarukwa baadhi yao. Wakanung'unika. Jibu lililowafikia ni kwamba wamezidi kumsumbua mfalme, na kwamba yeye humvisha amtakaye na asiyemtaka hamvishi. Aliyewahi kugawa fulana kwenye mkutano wa hadhara atamwelewa Hammurabi hapo, na atawaelewa pia wale waliorudi kwao mikono mitupu na kuandika barua kali.

Urafiki haukudumu. Mari walimsaidia kuwafukuza Waelamu, na miaka michache baadaye jeshi lake likaingia Mari. Hapa ndipo roho yangu ya ukarani inaposimama. Kabla ya kuubomoa mji, Wababeli waliingia masjala ya Zimri-Lim wakaanza kupanga. Vimepatikana vibandiko vya udongo vilivyofungwa kwenye makapu, vyenye tarehe ya mwaka wa 32 wa Hammurabi, vikisema kapu hili ni la vibao vya watumishi wa Shamshi-Adad, yaani mfalme aliyeitawala nchi ile kabla. Wenye nyumba wameshindwa vita, na makarani wa mshindi wamekaa chini wanachambua barua zao, hizi kapu hili, zile kapu lile. Barua za wafalme wakubwa ni chache mno kwenye mabaki hayo, na wataalamu wanaamini zilichaguliwa zikapelekwa Babeli. Zilizobaki ndizo hazikuwa na thamani kwao. Kisha jumba likachomwa, kuta zikaporomoka juu ya makapu, na shukrani kwa uharibifu huo tunazisoma.

Na Babeli kwenyewe? Wajerumani wakiongozwa na Robert Koldewey walichimba kuanzia 1899 hadi 1917. Walichokikuta kwa wingi ni mji wa Nebukadneza, aliyekuja zaidi ya miaka 1000 baadaye. Tabaka la enzi ya Hammurabi liko chini kabisa, ndani ya maji ya ardhini. Waligusa nyumba chache za watu wa kawaida. Jumba lake halijaonekana. Maana yake karibu kila tulicho nacho kuhusu huyu mtu kimetoka nje ya mji wake: jiwe kwa Waelamu walioliiba, barua kutoka Larsa zilizochimbuliwa kienyeji zikauzwa mpaka Paris, London na Oxford, na umbea kutoka Mari aliyoichoma mwenyewe.

Alipozeeka, mwanawe Samsu-iluna alimwandikia ofisa mmoja kwamba mfalme, baba yake, ni mgonjwa, na yeye amekalia kiti ili kuiongoza nchi. Jambo la kwanza alilofanya, anasema, ni kusamehe malimbikizo ya kodi na kuvunja vibao vya madeni vya askari, wavuvi na watu wa kawaida. Kuvunja kabisa, vipande. Katika miaka yangu 31 nimeagizwa kuficha majalada, kuchelewesha majalada, na mara moja kupeleka jalada nyumbani kwa mtu usiku. Kuvunja kwa faida ya mdaiwa sijawahi kuagizwa.

Sasa nirudi kwenye swali lenu. Jalada lenye barua za upande mmoja tu ni nusu jalada, kila karani anajua. Barua za Larsa ni zile zilizotoka Babeli. Majibu yake yalikwenda Babeli, na kama yapo bado yamelala chini ya maji yale. Kwa hiyo, Mhariri, mkinipa ufunguo, msinipeleke Paris. Nitavua viatu nishuke majini, nitafute kapu la Larsa, nianze na shamba la Sin-ishmeanni: nione kama Shamash-hazir alijibu, na kama alijibu, ilimchukua siku ngapi.