Ukiambiwa ukohoe, kohoa kweli

Miaka minne sikuvaa sketi isiyo nyeusi. Nikipiga chafya, nikishuka kwenye daladala kwa kuruka, mkojo huo. Zahanati moja walinipa dawa za yutiai mara mbili bila hata kunipima. Mama mkwe akasema ndiyo uzazi huo, vumilia. Nikavumilia, na vipande vya khanga kuukuu kwenye pochi.

Siku nilipofika kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, aliniambia nije kibofu kimejaa. Akanisimamisha juu ya karatasi. "Kohoa, mama." Nikakohoa kile kikohozi cha kanisani. "Aa, kohoa kama umepaliwa na uji!" Matone yakadondoka palepale, kikohozi kilipokata nayo yakakata. Basi akajua ni mrija wa mkojo uliokosa wa kuushikilia. Wewe ambaye unabanwa ghafla na chooni hufiki, shida yako ni kibofu chenyewe, operesheni niliyokuja kufanyiwa mimi haitakusaidia. Na kama mkojo unatiririka usiku na mchana tangu ulipojifungua, wahi ukapimwe fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wanaitibu.

Kwanza nilipewa mazoezi ya miezi 3: kubana misuli ya nyonga, ile ya kuzuia mkojo, mara 8, kwa siku mara 3, bila kukaza makalio. Yalinipunguzia shida, hayakuimaliza.

Ndipo nikawekewa mkanda. Ni utepe mwembamba unaopita chini ya mrija, njia iliyoanzia Sweden miaka ya 1990. Ganzi ya mgongo, kidonda kidogo ukeni na viwili vidogo juu ya kinena, nusu saa hivi. Ila uliza mkanda wenyewe umetengenezwa kwa kitu gani! Wangu ni wavu wa plastiki, ni wa kudumu na kuutoa ni kazi ngumu, na kuna waliochubuliwa nao wakabaki na maumivu. Uingereza waliusimamisha mwaka 2018. Upo pia unaotengenezwa kwa utando wa tumbo lako mwenyewe, kidonda chake ni kikubwa zaidi. Mimi niliyajua yote nikachagua. Na kama bado unataka kuzaa, zaa kwanza.

Siku ya kwanza mkojo uligoma kutoka, nikarudishiwa mpira wa kutolea mkojo siku mbili. Usiogope, hutokea.

Halafu wiki 6 hakuna tendo la ndoa wala kubeba ndoo, kwa hiyo panga mapema nani atachota maji. Kwangu alichota mume. Majirani wakasema nimempa limbwata.