Kabla Hujahamia Athi River, Njoo na Kipande cha Sabuni

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alinipigia simu kutoka Mwingi. Ameitwa kazi katika kiwanda kimoja cha nguo ndani ya EPZ, lile eneo la viwanda vya kuuza nje ya nchi, na nyumba alikuwa ameshaiona kwenye picha: chumba chenye vigae vyeupe, choo ndani, kodi nafuu. "Anti, nilipie tu dipoziti nisije nikanyang'anywa," akaniomba. Nikamwambia asubiri. Nimeishi Athi River miaka kumi na mitatu, na jibu langu lilikuwa refu kuliko salio la simu. Basi nimeliandika, maana najua hayuko peke yake anayefunga mizigo kuja huku.

Athi River, au Mavoko kwenye karatasi za serikali, uko Kaunti ya Machakos, kilomita zisizozidi 30 kutoka katikati ya Nairobi ukishika barabara ya Mombasa. Ni mji wa kazi. Kiwanda cha nyama cha KMC kipo tangu 1950, saruji ikafuata, halafu sheria ya EPZ ya 1990 ikaleta viwanda vya kuuza nje. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka 2000 chini ya mpango wa AGOA, cherehani ziliongezeka na watu wakazifuata. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya laki tatu katika kaunti ndogo hii. Nyumba zilijengwa haraka kuwapokea. Maji hayakuja kwa kasi hiyo, na hapo ndipo ushauri wangu unapoanzia.

Usichague nyumba kwa vigae. Chagua kwa maji.

Mwaka wangu wa kwanza nilibandika maharagwe saa kumi na mbili jioni. Saa tatu usiku bado yalikuwa yanagonga mwiko kama changarawe. Nikalaumu makaa, nikaongeza mengine. Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga mbele ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akaja mlangoni, akachota maji yangu kwa kikombe, akaonja, akayamwaga nje. "Haya ni ya kupigia deki, mwanangu. Ya kupikia tunanunua." Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilipoingia nilifungua bomba, maji yakatoka, nikashukuru Mungu nikatia sahihi.

Kuanzia mwezi huo nikawa nanunua mitungi miwili ya lita 20 kila siku, mmoja wa kupika na kunywa, mwingine wa kufulia nguo za mtoto. Shilingi 20 kwa mtungi wakati huo, yaani shilingi 1,200 kwa mwezi, na boza, lori la maji, likikosa kuja bei ilipanda. Ile kodi niliyowasifia wenzangu kuwa nafuu ilikuwa nafuu kwenye risiti tu.

Kwa hiyo ukienda kuona nyumba, beba kipande cha sabuni ya mche. Fungua bomba, nawa mikono. Povu likikataa na mikono ikabaki inanata, umeshajua ni maji ya chumvi, yale yasiyoivisha maharagwe. Onja tone moja. Angalia sehemu ya chini ya sufuria au birika la mpangaji mwingine kama kuna ukoko mweupe. Halafu muulize huyo mpangaji, si mwenye nyumba, maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Visima havifanani: ploti moja ina maji matamu, ya pili yake ina maji ya chumvi, na ukuta ni mmoja.

Kuna jambo ambalo sabuni haitakuonyesha, na nawasihi wenye watoto wadogo mnisikilize hapa. Maji mengi ya visima virefu vya pande hizi yana floraidi kupita kiasi. Ndiyo hutia meno madoa ya kahawia, na madoa hayo huingia wakati meno ya ukubwani yanajiumba ndani ya ufizi, mtoto akiwa bado mdogo. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki palepale. Mwombe mwenye nyumba karatasi ya maabara ya kisima chake. Wapo wanaoitoa bila kinyongo. Asipokuwa nayo, mtoto anywe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri au ya kununua kwa mtu unayejua anakoyatoa. Wangu wa kwanza ana madoa. Wa pili hana. Tofauti yao ni kwamba wa pili alizaliwa nikiwa nimeshajua.

Baada ya maji, tazama mabati. Upepo wa huku mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo ploti iliyo magharibi ya kiwanda cha saruji hupokea vumbi lake. Pitisha kidole kwenye jani la mti uliopo uani. Vumbi la kawaida la barabarani linafutika. La saruji likikutana na umande linashika, na juu ya mabati linajenga gamba usiloweza kulifagia, mpaka ukwangue. Mtu mwenye pumu katika familia asikae hapo hata akipewa bure. Na usiende mchana pekee. Rudi jioni, simama dakika kumi, unuse.

Ukiweza, rudi tena siku ya mvua. Udongo wetu ni ule mweusi unaovimba ukilowa: unavuta kiatu kinabaki nyuma, na bodaboda anakushusha mbali na lango akikuomba radhi. "Dakika tano kutoka barabara kuu" hupimwa wakati wa kiangazi. Mto nao una siku zake. Aprili 2024 mto Athi ulifurika ukavuruga barabara ya Namanga, na waliokuwa wakiishi Kitengela na kufanya kazi upande huu wakakwama. Ndiyo maana namwambia binti wa dada yangu: kama kazi ni EPZ, lala upande huu wa mto, mahali unapoweza kwenda kwa miguu. Wengine wanavutwa na Nairobi, wanasema Expressway, ile barabara ya kulipia, imefupisha safari. Ni kweli, lakini inaanzia Mlolongo, na Mlolongo ulipata jina lake kwa foleni ya malori yaliyongoja kupimwa uzito kwenye mizani. Kipande cha kutoka hapo kuja kwetu bado unakigawana na malori ya Mombasa, na mvua ikinyesha jioni nauli haina mwenyewe.

Kuhusu kazi yenyewe, neno moja kwa anayekuja bila barua ya kuitwa kazini. Alfajiri utakuta watu wamejaa langoni mwa EPZ, na atatokea mtu mwenye sauti ya upole atakayesema anamjua supavaiza. Mimi nilimpa shilingi 3,000 za mkopo. Nilisimama pale siku nne nikimngoja, na siku ya tano nikaajiriwa na mtu mwingine kabisa, kwa sababu niliulizwa kama najua ovaloki, mashine ya kushona kingo za nguo, nikasema ndiyo na nikaonyesha. Lete mkono unaojua mashine. Mwezi mmoja kwa fundi wa kwenu, ukijifunza ovaloki na ile ya sindano moja, utakutoa mapema kwenye uhelpa, kazi ya kusaidia tu, na oparata, anayeendesha mashine, hulipwa vizuri zaidi. Tageti ya saa, idadi ya vipande unavyotakiwa kumaliza kila saa, itakutoa machozi wiki ya kwanza. Wiki ya tatu mkono unakuwa umeshazoea.

Ukishapata mshahara, utaanza kusikia habari za ploti za kununua. Sitasema mengi, ila Oktoba 2023 niliona watu wamekaa juu ya magodoro kando ya barabara, nyumba zao za mawe zimebomolewa, kwa sababu mahakama ilikuwa imesema ardhi ile ni ya kampuni ya saruji. Wengi wao walikuwa wamelipa na wana karatasi. Karatasi ya kikundi cha kuuza ardhi si hati. Nenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi ukatafutiwe hati hiyo ni ya nani, mchukue mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe mipaka, na ukiambiwa ofa inaisha leo, iache iishe leo.

Binti anafika Jumamosi. Atalala kwangu wiki mbili. Nimemtafutia ploti tatu, zote za kutembea kwa miguu mpaka langoni: moja ina vigae, mbili zina sakafu ya saruji. Ameniahidi atakuja na maharagwe ya kwao. Sabuni ninayo.