Barua kwa mwanangu: Provosti ni mkubwa au mdogo?

Masasi, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Sisi hapa hatujambo. Juzi tumemaliza raundi ya pili ya kupuliza salfa, na nguo zangu za shambani mama yako amezipiga marufuku ndani ya nyumba. Zinalala juu ya banda la kuku. Mikorosho imechanua vizuri mwaka huu.

Sasa swali lako. Unasema barua uliyotumiwa na chuo cha Trinity kule Dublin, Ireland, inamtaja Provosti kuwa ndiye mkuu wa chuo kizima. Mwenzako aliye Marekani akakucheka, kwamba kwao provosti ni wa pili, juu yake yuko Rais wa chuo. Halafu mama mmoja wa kanisani kwenu hapo Dar akakuhakikishia kuwa provosti ni padre. Ukamalizia: "Baba, wewe uliyekuwa sekondi masta miaka yote ile, huyu mtu ni mkubwa au mdogo?"

Nilicheka peke yangu barazani. Wote watatu wamekuambia kweli. Angetokea wa nne akakuambia provosti ni meya, na wa tano akasema ni mtoza kodi, nao wasingekuwa waongo.

Jina lenyewe ni la Kilatini, praepositus, yaani aliyewekwa mbele, au aliyewekwa juu ya wengine. Basi. Halikuambii amewekwa juu kiasi gani. Lichukulie kama neno letu "msimamizi". Yupo msimamizi wa mtihani, msimamizi wa mirathi, msimamizi wa harusi. Ukiambiwa fulani ni msimamizi, bado hujaambiwa kitu. Utauliza wa nini, na nani kamweka.

Mimi huyu bwana nilikutana naye Ndanda. Ni ule mwaka mama yako alipofanyiwa upasuaji hospitali ya misheni, nikawa nashinda pale nikisubiri saa ya kuona wagonjwa. Bruda mmoja mzee aliniona nimekaa bila kazi chini ya mwembe, akaniletea kitabu chao cha kanuni, ile aliyoiandika Mtakatifu Benedikto Italia katika karne ya 6. Wenyewe wanaishi kwa kanuni hiyo mpaka leo. Mimi ni Mwanglikana, lakini kitabu ni kitabu. Nikasoma mpaka sura ya 65, inayomhusu provosti wa monasteri, yaani msaidizi wa abate, mkuu wa nyumba ya watawa.

Mwanangu, sura ile imeandikwa na mtu aliyeumia. Anaanza kwa kulalamika kwamba mara nyingi kumweka provosti kunaleta mafarakano makubwa monasterini. Wapo, anasema, wanaovimba kwa kiburi wakajiona maabate wa pili. Na hali huwa mbaya zaidi pale ambapo waliomweka abate ndio hao hao waliomweka provosti, maana mtu anaanza kujiambia: wewe na mimi tumewekwa na mkono mmoja, unanitishia nini? Nilipofika hapo nikacheka, kwa kuwa barua yangu ya usekondi masta na barua ya mkuu wangu wa shule zote zilitoka ofisi moja.

Benedikto mwenyewe angependa provosti asiwepo kabisa. Anashauri monasteri iendeshwe na wakuu wa watu kumi kumi, ili madaraka yagawanyike na asipatikane mmoja wa kuvimba kichwa. Unaona? Balozi wa nyumba kumi! Kwa Kilatini ni decanus, na ndilo jina wanaloitwa wakuu wa vitivo huko vyuoni kwenu kwa Kiingereza. Lakini kama hapana budi, anasema, basi abate amchague mwenyewe, kwa ushauri wa ndugu wamchao Mungu, na huyo provosti asifanye jambo kinyume cha mapenzi ya abate.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu. Kuna habari sijawahi kukusimulia sawasawa.

Wewe ulikuwa bado mdogo. Shule ilikuwa ya bweni, huku huku kusini. Mkuu wa shule alikwenda kwenye matibabu muhula mzima, akaniachia funguo tatu kwenye kamba moja ya katani: wa ofisi, wa ghala la chakula, na wa droo yenye muhuri. Wiki ya kwanza nilikaa kwenye meza yangu ile ile ya chumba cha walimu. Wiki ya pili nikahamia ofisini kwake, kisa kulikuwa na feni. Wiki ya tatu maharage yakaisha. Nikaandika barua kwa mfanyabiashara mmoja atukopeshe magunia, tutamlipa shule ikiuza korosho zake. Nikapiga muhuri, nikatia sahihi, na chini ya sahihi nikaandika: Mkuu wa Shule.

Sikuandika "Kny". Herufi tatu tu, kwa niaba ya. Nilijiambia nimesahau. Sikusahau, mama. Nilipata raha fulani kuyaona yale maneno chini ya jina langu.

Maharage yalikuja, watoto wakala, na hilo silijutii. Lakini mkuu aliporudi, mfanyabiashara akaja na barua yake kudai. Mkuu aliisoma kimya. Akachukua kalamu nyekundu, akaongeza "Kny:" mbele ya cheo kwa mwandiko wake mzuri, akamrudishia yule mtu karatasi yake. Hakunigombeza hata neno moja. Ila tangu siku ile ufunguo wa ghala ukawa unaning'inia kiunoni kwake, na kwa miaka miwili mimi, sekondi masta, sikujua mle ndani kuna debe ngapi za unga.

Sasa ngoja nikuambie sura ile inavyoishia, kwa sababu niliifungua tena kesho yake. Provosti akikosea aonywe kwa maneno mpaka mara nne. Asiposikia aadhibiwe, asipojirekebisha aondolewe, na akiendelea kusumbua afukuzwe monasterini kabisa. Nikadhani imeishia hapo. Kumbe mstari wa mwisho unamgeukia abate: naye akumbuke kwamba atatoa hesabu kwa Mungu kwa kila hukumu yake, wivu usije ukaiunguza roho yake. Nilimfikiria yule mzee na ufunguo wake kiunoni. Nilikosa mimi, ndiyo. Lakini miaka miwili, kwa herufi tatu?

Haya, turudi kwako. Huyo wa monasteri alikuwa wa pili. Wa Dublin amekuwaje wa kwanza? Ni kwamba jina lilihamia kwenye nyumba zisizo na abate. Yalikuwepo makanisa yaliyoendeshwa na mapadre waliokaa pamoja, makanoni, na mahali pengi mkubwa wao akaitwa provosti. Mashamba na maghala ya kanisa yakawa chini yake. Vyuo vya kale vya Uingereza vilizaliwa na sura hiyo hiyo: nyumba ya wasomi wanaosali, wenye mali yao na mkuu wao. Oriel kule Oxford tangu 1326 mkuu wake ni provosti. Mfalme Henry wa Sita alipoanzisha shule ya Eton mwaka 1440 na chuo cha King's kule Cambridge mwaka 1441, wote wakuu wake aliwapa jina hilo. Aliyewaweka yuko mbali, ndani ya nyumba hakuna mwingine juu yao, basi wao ndio wa kwanza. Mimi nami ningekuwa provosti wa namna hiyo kama mkuu wa shule asingerudi!

Trinity ilipoanzishwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1592 ikafuata mkondo huo. Provosti wa kwanza alikuwa Adam Loftus, Askofu Mkuu wa Dublin mwenyewe. Kwa hiyo mama wa kanisani kwako hakukosea sana. Siku hizi provosti wa pale anapigiwa kura na wahadhiri pamoja na wawakilishi wa wanafunzi, anakaa miaka 10.

Kuna mmoja nataka umjue kabla hujafika. George Salmon, mwanahisabati na padre, alikuwa provosti tangu 1888. Alipinga kwa nguvu zote wanawake wasiingie pale kusoma, mpaka mwishoni akalegea. Alifariki Januari 1904, na mwaka huo huo wanawake wakaanza kuandikishwa. Mwaka 2021 akachaguliwa Linda Doyle, provosti wa kwanza mwanamke. Hesabu mwenyewe: miaka 117. Siku ya kupita mbele ya nyumba ya provosti uitazame vizuri halafu unipigie picha.

Na usifikiri unakwenda kwa wageni kabisa. Misheni iliyoleta kanisa letu hapa Masasi mwaka 1876, wakati Askofu Steere alipokuja na wale watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, ilianzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin. Dublin hiyo ndiyo chuo chako. Bibi yako alifundishwa kusoma na watu waliotumwa na misheni hiyo, basi na wewe kawarudishie salamu.

Mwenzako wa Marekani naye tumpe haki yake. Pale Philadelphia, chuo ambacho leo kinaitwa Pennsylvania kilikuwa na provosti tangu 1755, padre wa Kianglikana, William Smith, naye alikuwa ndiye mkuu wa chuo. Mtu mkorofi kidogo. Mwaka 1758 baraza la kutunga sheria la jimbo lilimfunga kwa mambo ya siasa, na wanafunzi wake wakawa wanamfuata gerezani kusoma. Maprovosti waliomfuata wakaendelea kuwa wakubwa pale mpaka 1930, chuo kilipomweka Rais juu yao. Jina lile lile, ofisi ile ile, lakini mtu ameteremka ngazi moja. Vyuo vingi vya kule sasa viko hivyo: Rais anahangaika na wafadhili, wanasiasa na magazeti, provosti anabaki nyumbani na walimu, mitaala, ajira na bajeti ya masomo. Kwetu huyo ungemwita Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, jina refu kuliko mshahara wake. Ila hata hapa Tanzania vyuo vishiriki vya Tumaini vilikuwa na maprovosti, na hao walikuwa wakuu wa vyuo vyao.

Wa makanisani kwa kifupi. Uingereza, tangu 1931, kanisa kuu ambalo pia ni kanisa la parokia mkuu wake aliitwa provosti, mpaka mwaka 2000 jina likafutwa. Mmoja wao namheshimu, Richard Howard wa Coventry. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliliteketeza kanisa lake. Baadaye kwenye ukuta uliobaki, nyuma ya altare, akaagiza yachongwe maneno mawili: Baba samehe. Hakuandika "uwasamehe" wao, kama ilivyo kwenye Injili. Samehe tu, sote.

Meya ni wa Scotland. Edinburgh na Glasgow meya wao wanamwita provosti mpaka leo, na mkufu wa dhahabu shingoni.

Na mtoza kodi ni wa Ufaransa. Wafalme wa kule walikuwa na maprovosti wilayani, wakikusanya kodi na kuhukumu kesi, na cheo chenyewe mara nyingi kikiuzwa kwa anayetoa zaidi. Babu yangu aliyeona enzi za Mjerumani asingehitaji maelezo. Angesema huyo ni akida. Mwaka 1200 pale Paris, mtumishi wa mwanafunzi mmoja wa Kijerumani alipigwa kwenye kilabu cha mvinyo, wanafunzi wakaenda kumpiga mwenye kilabu, na provosti wa mji akaongoza raia wenye silaha kuwavamia wanafunzi, wakauawa watano. Walimu wakatishia kuuhama mji. Mfalme Philippe wa Pili akamtupa provosti wake gerezani, akatoa hati ya kuwalinda wanafunzi, na tangu hapo kila provosti mpya wa Paris alitakiwa kuapa kuiheshimu. Kwa hiyo, mama, katika mji mmoja provosti alikuwa adui wa chuo kikuu, na ng'ambo ya bahari, zaidi ya karne moja baadaye, akawa ndiye mkuu wa chuo.

Ukiandika barua kule, anza na cheo chake, usiogope, ndivyo wanavyofanya wenyewe. Na ukipewa siku moja kukaa kwenye ofisi ya mtu, hata kama kuna feni, wewe andika Kny.

Korosho kilo mbili zimekwisha kubanguliwa, ziko kwenye kopo la maziwa, zitakuja na basi la Jumatano. Ming'oko mama yako alitaka nayo nifungashe, nimemwambia haitafika Dublin, amenuna amekwenda kulala. Anakusalimu sana.

Baba yako

na Kny: Mama yako