Kabla ya Kuulizia Ada ya Radiografia Uingereza, Uliza Kama Kozi Hiyo Itakusajili

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na biolojia). Baada ya shikamoo aliandika: "Kaka, nimepata wakala wa kunipeleka Uingereza kusomea mambo ya mionzi. Naomba unieleze ada ni kiasi gani." Swali hilo nililisoma mara kadhaa, kwa kuwa ndilo nililouliza mimi mwaka 2021, karibu kwa maneno yaleyale, na kuanza na ada kulinipotezea mwaka mzima pamoja na fedha ambazo hadi leo sijathubutu kumtajia mama yangu jumla yake.

Wakati huo nilikuwa na shahada ya fizikia na kazi ya kufundisha katika shule ya kutwa. Wakala, ambaye sitamtaja, alinipatia nafasi ya shahada ya uzamili ya picha za kitabibu. Barua ilikuwa na nembo nzuri, ada ilikuwa chini ya nilivyotarajia, nami nikatuma malipo ya awali kabla sijaisoma kozi yenyewe. Wiki chache baadaye, nikiwa nimekwisha kuwaaga walimu wenzangu kwa soda na biskuti, ndipo niliposoma maelezo ya kozi hadi mwisho na kukuta imeandikwa wazi kwamba haimpi mhitimu sifa ya kusajiliwa kuwa mteknolojia mionzi, yaani mtaalamu wa radiografia anayewahudumia wagonjwa kwa mashine hizo. Yaani ningerudi nyumbani na uzamili wa kueleza jinsi mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, inavyofanya kazi, bila ruhusa ya kumlaza mgonjwa juu yake. Sehemu ndogo ya fedha ilirejeshwa. Wakala aliacha kupokea simu zangu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, swali la kwanza ni usajili. Uingereza, cheo cha mteknolojia mionzi kinalindwa na sheria, na hakuna anayeruhusiwa kukitumia bila kusajiliwa na baraza la taaluma za afya linaloitwa HCPC. Baraza hilo huweka kwenye tovuti yake orodha ya kozi lilizozikubali. Kozi isiyomo humo haitakufikisha, hata jina lake likiwa tamu kiasi gani. Angalia pia kwamba radiografia ya uchunguzi, yaani kupiga picha, na radiografia ya tiba, yaani kutibu saratani kwa mionzi, ni shahada mbili tofauti, na ukisoma moja huingii katika kazi ya nyingine. Tena zote mbili si radiolojia: daktari bingwa anayezitafsiri picha alianzia shahada ya udaktari. Nimekutana na watu wazima, wenye vyeti, wanaochanganya mambo haya matatu, na sitawacheka kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao.

Shahada ya kwanza huchukua miaka 3 nchini England na 4 nchini Scotland. Kwa aliye na shahada nyingine iko njia ya uzamili ya miaka 2 inayoongoza kwenye usajili, na mimi niliifuata kwa hamu, lakini vyuo vyote nilivyoviandikia vilinijibu kwamba nafasi za mafunzo hospitalini ni chache na hazitolewi kwa wageni. Hata katika shahada ya kwanza vipo vyuo vyenye msimamo huo, basi viulize kwa barua pepe kabla ya kuviweka katika chaguo tano unazoruhusiwa kuomba. Hivyo nilianza upya na shahada ya kwanza nikiwa na miaka 27, na siku ya kwanza darasani vijana wawili waliniuliza kama mimi ndiye mhadhiri.

Sifa za kujiunga hazitishi kama watu wanavyozieleza. Vyuo hutaka ufaulu mzuri wa kidato cha sita wenye angalau somo moja la sayansi, pamoja na Kiingereza na hisabati za kidato cha nne. Mwenye kidato cha nne pekee kwa kawaida huanzia mwaka wa matayarisho. Maombi hupitia UCAS, chombo cha pamoja cha maombi ya vyuo vya Uingereza, ambao tarehe yao ya kuzingatia waombaji kwa usawa huangukia Januari, na ada yao haifiki pauni 30. Kinachowaangusha wengi ni IELTS, mtihani wa Kiingereza, kwa sababu vyuo vingi hudai wastani wa 7.0 na kila kipengele kisipungue 6.5. Mimi, mwalimu mzima, nilipata 7.5 ya kusoma na 6.0 ya kuandika. Niliurudia mtihani huo, na aibu ile bado ninaikumbuka.

Sasa ada. Mwanafunzi wa kigeni hulipa kuanzia takriban pauni 16,000 kwa mwaka, na kuna vyuo vinavyovuka 25,000. Ule msaada wa pauni 5,000 kwa mwaka unaotangazwa kwa wanafunzi wa taaluma za afya si wetu. Ni wa wenyeji. Mchango wa huduma za afya ni pauni 776 kwa mwaka, na hulipwa wote kwa mkupuo pamoja na ada ya viza. Usiweke matumaini katika kibarua: viza inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, lakini ukiwa hospitalini kwa mafunzo unashinda huko kama mwajiriwa, bila mshahara.

Kisha zipo siku 28 za viza. Ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujailipa, pamoja na gharama za kuishi za miezi 9, sasa pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 ndani yake, lazima zilale katika akaunti yako au ya mzazi siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja. Akaunti ya mjomba haikubaliki. Mimi fedha za mjomba zilihamishiwa kwangu, zikalala vizuri hadi siku ya 19, ndipo shangazi alipohitaji upasuaji. Nilizitoa, nani angekataa? Hesabu ikaanza upya na nilifika chuoni wiki ya pili ya masomo. Ukoo unaokuchangia uelezwe mapema, kikaoni, kwamba fedha hizo hazitaguswa, na aliye na dharura inayonukia aiseme siku hiyohiyo.

Cheti cha kipimo cha kifua kikuu nacho kinatakiwa kwa viza, nami nilipigwa picha ya kifua Dar es Salaam na mteknolojia aliyeniuliza jina na tarehe ya kuzaliwa ingawa karatasi zangu alikuwa nazo mkononi. Leo nawauliza wagonjwa wangu vivyo hivyo, kwa kuwa mwaka jana nilipata namba yangu ya usajili, nami siionei haya kuitaja.

Binti yule nimemjibu haya yote kwa urefu, kisha nikamwomba anitumie jina kamili la kozi aliyotafutiwa na wakala wake kabla hajalipa chochote. Tangu Jumatano ujumbe unaonyesha umesomwa, na bado hajajibu.