Vitamini D na kifua kikuu: jua na dagaa vinatosha wengi wetu

Mdogo wangu alipogundulika na TB, ushauri ulimiminika nyumbani kwetu Ujiji. Uliorudiwa sana ni huu: anywe vitamini D kwa wingi, kinga ipande, apone haraka. Jirani yetu alituletea kichupa cha vidonge vya yuniti 50,000, akataka avinywe kila siku. Mimi ndiye niliyesimamia dawa zake. Nilimshukuru dada wa watu, lakini vile vidonge mgonjwa hakunywa.

Si kwamba vitamini D haina kazi. Ngozi ikipigwa na jua huitengeneza, ini huibadili kidogo na kuiachia kwenye damu ikiwa bado haina nguvu, kisha figo humalizia. Ila makrofaji, zile seli zinazomeza vijidudu, nazo zinaweza kuimalizia zenyewe. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba makrofaji zikitambua bakteria wa TB huongeza vipokezi vya vitamini D, huiamsha humo humo ndani, kisha hutengeneza kathelisidini, protini ndogo inayoua bakteria. Damu yenye vitamini D kidogo ilitoa kathelisidini kidogo. Kwa seli T, askari wengine wa kinga ya mwili, mambo ni tofauti: huko vitamini hii hutuliza, ili mapambano yasije yakaumiza mapafu yenyewe.

Basi tumeze tu? Hapana. Kule Mongolia, wanafunzi zaidi ya 8,000 walipewa vitamini D au vidonge vitupu kila wiki kwa miaka mitatu. Karibu wote walikuwa na upungufu, na bado maambukizi ya TB hayakupungua. Sisi huku jua tunalo mwaka mzima. Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kimila walipopimwa, wastani wa vitamini D kwenye damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. 50 tu huhesabiwa kuwa inatosha.

Kwa mgonjwa wa TB hatari ya kuizidisha ni kubwa zaidi. Makrofaji zilizojazana kwenye mapafu zinaweza kuiamsha vitamini hiyo bila kujali figo zinasemaje, kalsiamu ikapanda kwenye damu: kiu isiyoisha, kichefuchefu, mkojo kila mara, na mwisho figo kuumia.

Sisi tulimtoa uani kuanzia saa nne asubuhi, mikono na miguu wazi, muda mfupi tu. Jua la saa moja lina miale hafifu, na la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Mama alinunua dagaa Kibirizi, maana nao wana vitamini D, akawaosha mara kadhaa mpaka mchanga ukaisha chini ya sufuria, akawaunga kwa mawese. Dawa za TB alimeza kila siku, miezi sita, bila kuruka.

Wapo wanaohitaji vidonge kweli: wasiotoka ndani, wenye maradhi ya figo au ini, baadhi ya watoto wachanga. Hao wapimwe na daktari awapangie. Mtu mzima asizidishe yuniti 4,000 kwa siku kwa kujiamulia. Na kama una mgonjwa wa TB na kichupa kiko tayari mezani, kipeleke kliniki wasome kiwango kabla hajameza hata kimoja.