Msimamizi si mtathmini

Ndugu yangu, umeuliza kama muuguzi anayemwongoza mwanafunzi kila siku wodini huko Uingereza ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba amefuzu. Hapana. Viwango vya Baraza la Uuguzi na Ukunga vya mwaka 2018 vilizitenganisha kazi hizo: msimamizi hufundisha na kuandika anayoyaona, ilhali uamuzi ni wa mtathmini, ambaye hawezi kuwa wakati huohuo msimamizi wa mwanafunzi yuleyule. Kwa hiyo maandishi yako yana uzito mkubwa. Usiishie kuandika kwamba anaendelea vizuri. Eleza kuwa, alipokuwa akisafisha kidonda cha mguu, alimwomba mgonjwa ridhaa, akagundua wekundu uliokuwa ukienea, akakuarifu kabla ya kukifunga. Jambo linaloniuma ni wodi zenye upungufu wa watumishi kumtumia mwanafunzi kuziba pengo, wakati hapaswi kuhesabiwa katika idadi ya wafanyakazi wa zamu, hata akiwa mwaka wa mwisho. Mtengee pia dakika chache za faragha kabla ya kukabidhi zamu, maana maswali anayoona haya kuyauliza mbele ya mgonjwa huyatoa hapo.